Kwa nini mafuriko ya Dar es Salaam hupiga mitaa ileile?

Kila masika, mitaa ya Jangwani na Mkwajuni, katika bonde la Mto Msimbazi, huingia maji, huku Oysterbay ikilala salama. Chanzo si mvua peke yake. Haya ni maswali ambayo wananchi huuliza mara kwa mara, na majibu yake.

Mji uligawanywaje?

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, wakatoa kanuni za kutenga maeneo kwa aina ya nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliendeleza utaratibu huo kwa kanda tatu: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini kuanzia Kariakoo. Kanuni zilitaja ubora wa nyumba, si rangi ya mtu, lakini kibarua Mwafrika angepata wapi fedha za kujenga nyumba iliyotakiwa Uzunguni? Mnazi Mmoja iliachwa wazi ili kuitenga Uswahilini na sehemu nyingine za mji, kwa hoja ya kulinda afya.

Hayo ya zamani yanahusianaje na leo?

Huduma zilifuata kanda. Oysterbay, iliyokuwa Uzunguni, ilipimwa viwanja vikubwa, ikapandwa miti na kupata upepo wa bahari. Uswahilini kulikuwa na msongamano, na mifereji ilikuwa haba. Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini barabara, mifereji na bei ya viwanja vilivyopimwa vilibaki. Aliyekuja mjini kutafuta kazi alijenga palipokuwa na nafuu na karibu na kibarua chake, na kwa wengi palikuwa bonde la Mto Msimbazi.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na shughuli zao za kila siku.

Mafuriko huacha nini ndani ya nyumba?

Katika mitaa ya bondeni utaona vizingiti vya saruji vilivyoinuliwa, viroba vya mchanga mlangoni na alama ya tope ukutani. Mvua ikikaza, wapo wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kitoke na maji ya mvua, kwa sababu gari la kunyonya majitaka halifiki uchochoroni na gharama yake ni kubwa. Uchafu huo huingia visimani na majumbani, na kipindupindu huweza kufuata.

Je, ni mafuriko tu?

La. Penye mapaa ya bati yaliyobanana na bila miti, joto la mchana hubaki ndani hadi usiku. Taka nazo zina historia yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji kwa moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Dampo likahamia Kunduchi Mtongani, ambako wakazi nao walikwenda mahakamani na kushinda. Likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Katika kuhamahama kote huko, halikupelekwa Oysterbay.

Si wakazi wa bondeni ndio wavunja sheria?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hatari ya bondeni ni ya kweli. Lakini bomoabomoa bila kiwanja mbadala chenye maji, barabara na usafiri humhamisha mtu kutoka bonde moja kwenda jingine. Miaka ya 1970 Sinza ilipimwa viwanja vyenye huduma, na Manzese ikaboreshwa wakazi wakiwa palepale. Njia hiyo tunaijua.

Mimi nifanye nini?

Kabla ya kununua kiwanja, nenda halmashauri ukaone ramani ya mipango miji; usitosheke na maneno ya dalali. Hudhuria mkutano wa mtaa, uulize bajeti ya mifereji na ya kuzoa taka. Sheria hiyohiyo ya 2004 inampa kila mkazi haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Idai haki hiyo popote unapoishi, kama walivyofanya watu wa Tabata.