VYEO VYA WATAWALA: MAJINA HAYA YALITOKA WAPI?

Kuna swali moja ambalo likitajwa katika mijadala ya chama chetu cha Kiswahili, kelele haziishi: Mumia wa Wanga tumwite mfalme, chifu, au Nabongo? Wengine husema jina ni jina tu, bora insha ieleweke. Mimi nasema hapana. Jina la cheo lina tumbo, na ukilipasua utaona ndani yake mtu alikotoa amri ya kuwaamrisha wenzake.

Hebu tuanze na chifu, kwa vile ndiye tunayemjua sote. Neno hili ni la Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, ambao walilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Ajabu ni kwamba rais, neno tulilolitoa kwa Waarabu, nalo limezaliwa na neno lao la kichwa. Kwa hiyo chifu wa lokesheni na Rais wa Jamhuri, kwa asili ya maneno, ni ndugu! (Usimwambie chifu wako, atavimba.) Lakini je, yule chifu wa mkoloni alikuwa kichwa cha nani? Sheria ya 1902 iliwapa wazungu uwezo wa kuteua wazee wa kusimamia vijiji, na zilizofuata zikamwongezea chifu nguvu juu ya kodi, barabara na hata pombe ya watu. Kichwa kilikuwa Nairobi. Chifu alikuwa mkono.

Huku kwetu jambo hili liliumiza. Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895 pale Lumboka na Chetambe wakashindwa. Baadaye wakaletewa Murunga, ndugu yake Mumia, awe chifu juu yao upande wa Kimilili. Wabukusu walikuwa na neno lao, omukasa, na kumukasa ni bangili. Yaani kiongozi alijulikana kwa bangili ya cheo mkononi. Kwa Wanga pia bangili ya shaba ilikuwa alama ya ufalme. Sasa fikiria mtu anakuja bila bangili yenu, ana barua ya D.C. mfukoni, naye mnaambiwa ndiye mkubwa wenu!

Mumia mwenyewe alishika kiti cha Nabongo mwaka 1882. Mwaka 1909 Waingereza wakampa cheo cha chifu mkuu. Wengi husoma hayo wakadhani alipandishwa. Naona mimi aliteremshwa. Unabongo aliupata kwa damu, na hakuna karani wa kuufuta. Uchifu mkuu aliupata kwa karatasi, na karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyomstaafisha alipozeeka. Alipofariki mwaka 1949 uchifu ulikuwa umekwisha zamani, lakini Nabongo alikuwa bado Nabongo.

Ndugu zetu Wanandi nao waliharibiwa jina. Orkoiyot hakuwa mfalme wala chifu. Alikuwa mtu wa ibada na utabiri. Waingereza wakamwita laibon, neno la Wamasai, basi likabaki vitabuni. Koitalel arap Samoei, aliyeuawa mwaka 1905, utamkuta humo kwa majina yote mawili.

Cheo kinachonifurahisha zaidi ni nyapara. Hapa Endebess, enzi za mashamba ya walowezi, nyapara ndiye aliyesimama nyuma ya vibarua kwenye mahindi. Wazee wakilitaja hucheka kidogo, si kicheko cha furaha. Kumbe neno lilianza na heshima kubwa! Kwa Wanyamwezi wa Tanzania, mtawala aliitwa mtemi, kutokana na kutema, yaani kukata: kukata pori au kukata mashauri. Wanyampara walikuwa wazee wa baraza lake. Biashara ya pembe ilipokua katika karne ya 19, Wanyamwezi wakawa wapagazi wakubwa, na mnyampara akawa kiongozi wa msafara. Msafara ukafa, reli ikaja, mashamba yakaja, na mshauri wa mtemi akaishia kuhesabu vibarua. Hata jela kuna manyapara.

Neno hilo lilipita njia za misafara zilizoishia pwani, na huko pwani vyeo vilikuwa vingi. Mwinyi ni neno letu la Kibantu, ni sawa na mwenye: mwenye mji, mwenye nchi. Unguja walikuwa na Mwinyi Mkuu, na wa mwisho alifariki mwaka 1873. Liwali ni kinyume chake. Limetoka Kiarabu, al-wali, aliyekabidhiwa utawala. Liwali wa Mombasa alimsimamia Sultani wa Zanzibar, na mambo ya Sultani huko yalikwisha mwaka 1963. Mmoja ana mali, mwingine ameachiwa funguo. Akida naye alikuwa kiongozi wa askari, mpaka Wajerumani wakamfanya mtoza kodi kule Tanganyika. Chuki juu ya maakida ilikuwa kuni mojawapo katika moto wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Hata Japani ilikuwa hivyo: shogun maana yake ni jemadari, na majemadari hao walitawala nchi karne nyingi huku mfalme amekaa tu. Tena mwaka 1884 Wajapani walipopanga makabaila wao ngazi tano, walikopa alama za maandishi za China ya kale, na alama ya ngazi ya tatu ndiyo hiyo hiyo ya baba mkubwa! Ngazi hizo zilifutwa mwaka 1947.

Vyeo vya ukoo vipo kwetu pia, na vinasafiri. Ng'ambo ya pili ya mlima wetu, huko Mbale, Semei Kakungulu, Mganda aliyewasaidia Waingereza, alileta vyeo vya Buganda vya saza, gombolola na muluka miaka ya 1900 hivi. Lakini msafiri hodari ni mwami. Rwanda mwami alikuwa mfalme hadi mwaka 1961, Burundi hadi 1966. Kwa Waluhya omwami ni mtawala au chifu. Kwa Waganda mwami ni mkuu wa sehemu, na pia ni bwana yeyote tu, hata mume wa mtu. Neno moja, kiti cha enzi mpaka jikoni.

Kwa hiyo katika insha zenu andikeni Nabongo Mumia, mkieleza maana yake mara ya kwanza. Chifu mkuu liandikeni mkifika 1909, si kabla.

Na viranja wetu msidhani nimewasahau. Kamusi inasema kiranja ni yule mtoto anayetangulia kutahiriwa katika jando, mbele ya wenzake wote. Mwezi wa Agosti, mwaka wa tohara ukifika, tutawaangalia.