Lori Lililosimama Laweza Kumpotezea Dereva Leseni

Watu wengi wadhani kwamba leseni ya dereva hufutwa kwa ajili ya mwendo wa kasi au ulevi tu. Hayo ni makosa makubwa kweli, lakini Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, yatazama pia gari lisilokwenda.

Kwa kifungu cha 46, mtu akisababisha kifo kwa kuendesha ovyo, au kwa kuliacha gari barabarani kwa namna iliyo hatari kwa watu, aweza kufungwa hadi miaka 10. Tena ni lazima mahakama ifute leseni yake na kumkataza kupata nyingine kwa miaka 3. Akifungwa, miaka hiyo huanza kuhesabiwa amalizapo kifungo.

Jambo hili lawahusu sana madereva wa malori katika barabara ipitayo Amagoro kwenda forodha ya Malaba. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa ugonjwa wa korona, msururu wa malori ulienea kilomita nyingi. Usiku, mpanda baiskeli hulitambua lori lisilo na taa akiwa amekwisha lifikia.

Basi, yampasa dereva anayengoja alitoe lori lake njiani kabisa. Likiharibika mahali lisipoweza kusogezwa, aweke pembetatu za kung'aa mbele na nyuma, mbali kidogo na gari. Dereva aliyezima injini bado ana dhamana ya gari lake.