Dawa za Kisukari, Moyo na Figo: Maswali Kutoka Lodwar na Kakuma

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita zipatazo 120 za jua kali. Mwenye kisukari anayeishi huku hana budi kuijua dawa yake, na pia kujua inavyokaa na joto na uhaba wa maji.

Swali: Daktari, watu husema dawa za kisukari ndizo zinazoua figo. Ni kweli?

Si kweli. Figo huharibiwa na sukari iliyopanda kwa miaka mingi, pamoja na presha. Metformini, dawa ya kisukari, yenyewe haidhuru figo, bali hutoka mwilini kupitia figo. Zikidhoofika sana, dawa hujilimbikiza, ndiyo maana daktari huipunguza au kuisimamisha. Jirani akiona hivyo, hudhani dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Swali: Kuna dawa zinazolinda moyo na figo?

Zipo: empagliflozini, dapagliflozini na kanagliflozini. Hutoa sukari kwa njia ya mkojo na kuzipunguzia figo mzigo. Utafiti wa empagliflozini uliotolewa mwaka 2015, kwa wenye kisukari waliokuwa tayari na maradhi ya moyo na mishipa, ulionyesha vifo vya maradhi hayo vikipungua kwa asilimia 38. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Swali: Zinafaa huku kwetu, kwenye joto na maji ya shida?

Zinafaa, kwa uangalifu. Zinaongeza mkojo, kwa hiyo mwili hukauka upesi. Ukiharisha, ukitapika, au ukishindwa kula na kunywa, zisimamishe kwa muda na uende kliniki. Kutapika, tumbo kuuma na kuhema haraka ni dharura, hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana. Anayetumia insulini asiiache kabisa anapougua. Aulize kipimo kinachomfaa.

Swali: Sina friji Kakuma. Insulini itaharibika?

Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini hubaki na nguvu kwa wiki nne katika joto la nyuzi 25 hadi 37. Ihifadhi kivulini, ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa, isiguse maji. Chupa zilizosalia ziachwe kwenye friji ya kliniki.

Swali: Nijilinde vipi zaidi?

Usijinunulie diklofenaki au ibuprofeni kila mgongo unapouma. Hizo ndizo huumiza figo. Mwenye figo dhaifu anayemeza glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, amwambie daktari, kwani sukari yaweza kushuka ghafla. Pima presha kila unapohudhuria kliniki. Na angalau mara moja kwa mwaka, omba kipimo cha kreatinini na cha protini kwenye mkojo. Figo huharibika bila maumivu. Usingoje miguu ivimbe ndipo upime.