Mashine ya Kukatia Matofali na Mawe: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Nyumba za matofali ya kuchoma zinaongezeka Walungu, kuanzia Nyangezi hadi Burhale, na pamoja nazo imeingia mashine ndogo ya umeme yenye diski inayozunguka, ile ambayo kwa Kifaransa huitwa meuleuse. Fundi huitumia kukata tofali, jiwe, zege na vigae, au kuchimba mfereji ukutani ili apitishe waya. Maelezo haya ni kwa mwashi na msaidizi wake, kwa mwenye nyumba anayewalipa, na kwa jirani ambaye vumbi linaingia dirishani kwake.

Je, kila tofali linahitaji mashine?

Hapana. Tofali la kuchoma hukatika vizuri kwa ukingo wa mwiko au kwa patasi na nyundo, na fundi mzoefu hulipasua kwa pigo moja au mawili. Mashine iwekwe kwa kazi inayoihitaji kweli: mfereji wa waya, zege lililokwisha kukauka, kigae, au jiwe ambalo lazima likae sawasawa. Kadiri mnavyopunguza kukata kwa diski, ndivyo mnavyopunguza vumbi na hatari pamoja.

Nitajuaje kwamba diski niliyonunua inafaa mashine yangu?

Soma diski yenyewe kabla hujatoa pesa, iwe kwenye soko la Kadutu au kwenye duka la karibu. Imeandikwa kipenyo chake, yaani upana wake kutoka ukingo hadi ukingo, pamoja na idadi ya juu ya mizunguko inayoweza kuvumilia kwa dakika moja. Idadi hiyo isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye mashine. Soma pia kama ni ya mawe au ya chuma, kwa sababu ya chuma haifai kukatia tofali. Diski nyeusi za gundi, zinazolika kadiri unavyokata, huwa na pete ndogo ya chuma katikati iliyochapwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Gundi huchoka hata diski ikiwa imekaa tu dukani. Diski iliyolowa mvua, iliyoanguka chini au yenye ufa isifungwe tena.

Fundi mmoja ameng'oa kinga akafunga diski kubwa kwenye mashine ndogo. Kuna ubaya gani?

Swali hili tunaomba lisomwe polepole. Mashine ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na diski kubwa ya milimita 230 imeundwa kwa mizunguko inayokaribia 6,600 tu. Ukilazimisha kubwa iingie kwenye ndogo, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, hali uliundwa kuvumilia mita 80. Hizo 80 peke yake ni kilomita 288 kwa saa, kasi ambayo hakuna gari lililowahi kuifikia kwenye barabara zetu. Diski inapopasuka katika kasi hiyo, vipande huenda usoni, shingoni au tumboni kabla mtu hajapepesa jicho.

Kinga, yaani kile kifuniko cha chuma kinachozunguka nusu ya diski, kazi yake ni kuvizuia vipande hivyo. Ni kweli kwamba ukiiondoa unakata kwa kina zaidi, na ndiyo sababu mafundi hushawishika. Anayehitaji kina zaidi akate upande mmoja, kisha ageuze jiwe akate upande wa pili, au akodi mashine kubwa.

Kwa nini mashine huruka mikononi?

Diski ikibanwa ndani ya mkato husimama ghafla, na nguvu ya mota huitupa mashine kuelekea kwa aliyeishika. Shika kwa mikono miwili, ule mpini wa pembeni ukiwa umefungwa, na simama kando kidogo ili uso na kifua visiwe kwenye mstari wa diski. Kata kwa mstari ulionyooka bila kupinda wala kukandamiza, na jiwe liwe limekaa imara. Lisishikwe kwa mguu, wala msaidizi asilishike kwa mkono.

Ukizima, diski huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Subiri isimame kabisa ndipo uiweke chini.

Umeme wetu hukatika ovyo. Tufanye nini ukikatika katikati ya kazi?

Zima swichi ya mashine papo hapo, kisha chomoa waya. Wengi huiacha mashine chini swichi ikiwa imewashwa na kwenda kupumzika. Umeme wa bwawa la Ruzizi ukirudi, mashine inaamka peke yake na kukimbia sakafuni kati ya miguu ya watu. Wakati wa kubadili diski pia chomoa waya kwanza, hata kama una haraka.

Na jenereta, waya wa kuongezea na mvua?

Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua watu waliomo ndani. Waya wa kuongezea ukunjuliwe wote, usipite kwenye maji wala kwenye njia ya diski, na kiungo kilichofungwa kwa nailoni kisikubaliwe. Unapochimba mfereji kwenye ukuta wenye umeme tayari, zima umeme wa nyumba hiyo kwanza na uchukue wa kazi mahali pengine.

Je, nikimwaga maji kwenye diski, vumbi halitapungua?

Litapungua sana, na hiyo ndiyo njia bora kwa mashine zilizoundwa kupokea maji. Lakini mashine ya kawaida ya mkononi huvuta hewa kupitia matundu yake ili kupoza mota, na maji yakiingia humo umeme unaweza kumfikia aliyeishika. Kama mashine yako si ya maji, loweka tofali kwenye ndoo usiku kucha, lifute, ndipo ulikate. Vumbi litapungua bila kuhatarisha mtu. Mwenye mashine ya maji aunganishe pia kifaa kinachokata umeme chenyewe pindi unapovuja, cha miliampia 30.

Vumbi la tofali ni udongo tu, na udongo tumezaliwa nao. Lina hatari gani?

Udongo wa shambani na vumbi la diski si kitu kimoja. Mchanga, zege, tofali na mawe mengi yana silika, madini magumu kama kioo. Diski huyasaga yakawa chembe ambazo unene wake haufiki sehemu ya 10 ya unywele. Chembe kubwa hunaswa puani na kutoka na kamasi; hizi ndogo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, zikabaki humo na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, mapema zaidi kwa anayevuta vumbi jingi kila siku, na hauna dawa ya kuuponya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya aina hii katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa ya meza za jikoni kuanzia Julai 2024 kwa ajili ya vumbi hilohilo. Akina mama wa Kamituga wanaotwanga mawe ya dhahabu hukutana nalo bila mashine yoyote.

Wazee husema maziwa husafisha kifua. Ni kweli?

Maziwa ni chakula kizuri na hatumkatazi mtu kuyanywa. Ila yanapita kwenye koo la chakula kwenda tumboni, na vumbi limepita kwenye koo la hewa kwenda mapafuni; hayakutani njiani. Hakuna kinywaji kinachoweza kulitoa vumbi likishafika humo.

Mwashi wa kwetu alikohoa, akakonda, tukaambiwa ni karuho, yaani ametegewa sumu. Je, si kweli?

Tunaelewa kwa nini familia hufikiria sumu: mtu alikuwa na nguvu, sasa anapanda kilima kidogo anapumzika mara tatu. Tunachoomba ni apelekwe kwanza kituo cha afya, aeleze kazi yake na miaka aliyoifanya, apimwe makohozi na, ikiwezekana, apigwe picha ya kifua. Mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na kifua kikuu kina dawa inayoponya. Miezi inayopotea kutafuta aliyetega sumu huenda ndiyo ambayo dawa ingefanya kazi.

Barakoa gani inafaa?

Kitambaa, kipande cha kitenge au barakoa nyepesi ya hospitalini haizuii chembe hizi, hata ukiilowesha. Tafuta iliyoandikwa FFP2 au, bora zaidi, FFP3, ikae imeshika uso pande zote. Ndevu nyingi huacha mwanya. Anayekusaidia kushika ndoo naye avae. Katia uwanjani mahali upepo unapolisukuma vumbi mbali na watu, na nguo za kazi zikung'utwe nje, si karibu na mtoto. Miwani ya kufunika macho pembeni na vizibo vya masikio ni lazima pia.

Mtu akiumia?

Chomoa umeme kabla ya kumgusa. Bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua sehemu iliyoumia, mkimbize kituo cha afya au Hospitali Kuu ya Rufaa ya Walungu, na uulizie sindano ya pepopunda. Jicho lenye vumbi lioshwe kwa maji safi tu, kwa kumiminiwa, kamwe si kwa kidole. Kama kuna kipande kilichochoma, usikivute; funika jicho kwa kikombe safi bila kulikandamiza.

Mimi ni kibarua wa siku, sina mkataba wa maandishi. Nina haki yoyote?

Unazo. Sheria ya Kazi ya Kongo n° 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri ahakikishe kazi inafanyika katika hali ya usalama na afya, na inamruhusu mfanyakazi asiye na maandishi athibitishe mkataba wake kwa njia nyingine. Aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa ameajiriwa bila kikomo cha muda. Ajali za kazi na magonjwa yatokanayo na kazi yamo katika bima ya jamii inayosimamiwa na CNSS, na mchango wa sehemu hiyo hulipwa na mwajiri peke yake.

Tangu vita vilipofika Bukavu Februari 2025, kufuatilia karatasi za serikali kumekuwa kugumu. Kwa hiyo andika kwenye daftari siku ulizofanya kazi, jina la anayekulipa na mashahidi walioona ajali, na omba nakala ya karatasi ya hospitali. Itunze mahali pakavu.

Mwanangu wa miaka 15 anajifunza uashi. Anaweza kushika mashine hii?

Hapana. Sheria ya ulinzi wa mtoto n° 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kazi za hatari kwake. Ajifunze kupima, kupanga matofali na kusoma pima maji, mbali na vumbi.

Diski zilizokwisha tuzitupe wapi?

Zivunje kwa nyundo ukiwa umevaa miwani, ndipo uzitupe. Diski nzima iliyotupwa nyuma ya nyumba huokotwa, na mtu huifunga tena.