Bosi Kakualika Kulenga Visahani? Anza na Viza Yako

Mdogo wangu mmoja wa San Antonio, Texas, kaniandikia ana wasiwasi. Ofisi yao imelipia timu kwenye mashindano ya hisani ya kulenga visahani, klabu iko nje kidogo ya mji, na jina lake limeshawekwa kwenye orodha bila yeye kuulizwa. Hajawahi kushika bunduki. Kwao Tanga aliiona begani kwa mlinzi wa benki tu. Anauliza: niende, dada, au nisingizie mafua?

Nenda. Lakini kabla hujawaza utavaa nini, angalia uliingia Marekani kwa viza gani. Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kuwa na bunduki au risasi mikononi, hata kama ni ya kuazimwa kwa saa mbili pale klabu. Iko misamaha michache, na unaotumika sana ni wa mwenye leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani na ambayo muda wake haujaisha. Mwenye grini kadi katazo hili la viza halimgusi. Asiye na makaratasi asiguse kabisa. Wenzako wa ofisini wamezaliwa huko, hawalijui hili, watakwambia "hakuna shida". Shida ikija itakuwa yako, si yao. Kama una chembe ya shaka, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya siku yenyewe, na leseni kama unayo uwe nayo mfukoni.

Tuseme uko salama. Mchezo wenyewe asili yake ni Uingereza, ambako ubingwa wa taifa ulianza kushindaniwa mwaka 1925. Marekani ulishika kasi miaka ya 1980, na chama chao cha taifa, NSCA, kilichoundwa mwaka 1989, makao yake yako hapo hapo San Antonio. Kwa hiyo usishangae bosi wako akiwa mgonjwa wa mchezo huu.

Kisahani kimetengenezwa kwa lami na chokaa, upana wake wa kawaida ni milimita 108, na mashine ndiyo inayokirusha. Kuna kinachopanda juu, kinachokatiza mbele yako, na kinachobiringika chini kwa ukingo wake, ambacho wenyewe wanakiita sungura. Mnatembea kituo hadi kituo, mara nyingi 10 hadi 15, mpaka kila mmoja arushiwe visahani 100, ingawa mashindano ya hisani huweza kupunguza. Ukiita "pull" vinakuja viwili: ama kwa pamoja, ama cha pili kinafuata mlio wa risasi yako ya kwanza. Kikimeguka kipande kinachoonekana, umepata.

Sasa sikiliza. Watu wa klabu hizi wanamsamehe haraka aliyekosa visahani. Asiyejua mdomo wa bunduki yake unaangalia wapi hawamsamehi, na hapo mimi niko upande wao. Ukitembea, bunduki iwe imefunguliwa na haina kitu ndani. Risasi unaweka ukiwa umesimama kituoni, zamu yako, mdomo unaangalia uwanjani. Mtu akikuita jina nyuma yako usigeuke, maana ukigeuka wewe na bunduki inageuka. Fungua, toa risasi, ndipo uitike. Ukivuta kifyatuo isilie, usiichungulie wala kuifungua papo hapo. Iache ikiangalia uwanjani, mwambie anayeendesha mashine, ngoja maelekezo. Na picha ya kuwatumia shangazi zako WhatsApp ipigwe bunduki ikiwa wazi na tupu, pembeni, si kituoni wenzako wanasubiri. Bia ni baada ya kumaliza. Ukiona mtu wa timu yenu ameanza mapema, sema. Ukionekana mkali, basi.

Mavazi. Viatu vya kufunika vidole. Blauzi isiyo wazi kifuani, kwa sababu bunduki zinazojirudia zenyewe hurusha maganda ya moto, na ganda likiingia kifuani utaruka nalo, bunduki mkononi. Mkanda wa sidiria usikae pale kitako cha bunduki kinapoegemea bega, utaamka na alama. Miwani ya kinga na vizuia kelele ni lazima. Mwenye rasta kubwa au hijabu atumie vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio, avivae kwanza ndipo ajifunge. Omba pia bunduki ya geji 20 yenye kitako kifupi. Zile za 12 zilizokatwa kwa vipimo vya wanaume warefu zitakuchosha shingo bure.

Kulenga kwenyewe, kama ulicheza rede utotoni umeshajua nusu: mpira hukumtupia msichana pale alipo, ulimtupia pale anapokimbilia. Macho yabaki kwenye kisahani, si kwenye mtutu, na mkono usisimame ukishafyatua. Nusu nyingine ni mazoezi. Mgeni akivunja 30 kati ya 100 sioni aibu yake iko wapi, na hata mabingwa mia kwa mia huwatokea kwa nadra. Kwenye hisani huuzwa pia nafasi za kurudia ulizokosa. Nunua, fedha inaenda kwenye shughuli yao.

Kuna wasomaji wangu wengine huko huko Texas, waliotoka Kongo na Burundi, ambao mlio wa bunduki kwao si mchezo. Ninyi nawaambia tofauti: msijilazimishe. Unaweza kwenda ukaandika alama au kuendesha kigari, au usiende kabisa. "Mimi sipigi bunduki, asante" ni jibu kamili, na bosi hana haki ya kudai historia ya maisha yako juu yake. Mjamzito naye asipige, wala asisimame karibu: mtoto tumboni huwezi kumvalisha vizuia kelele, na risasi hizo kwa kawaida ni za madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu. Anayenyonyesha akae mbali na vumbi hilo pia.

Vumbi hilo hilo linakaa mikononi mwa kila aliyepiga. Mkimaliza mtaona nyama ya kuchoma imeshapangwa mezani na watu wanaikimbilia. Wewe pitia bombani kwanza, maji na sabuni, unawe mpaka kwenye viwiko. Nyumbani, nguo za siku hiyo zifue peke yake, zisichanganyike na za watoto.