Hesabu na Kijana wa Kiislamu: Somo Tulilolipata Nakuru

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kote pwani wamezoea kutuuliza juu ya tohara, swala na ndoa. Mara hii twaandika juu ya jambo ambalo wengi hawalioni kuwa ni katika mambo ya dini, nalo ni hesabu; hesabu hizi hizi za darasani zinazowaliza watoto wetu. Lililotufanya tuandike ni suala tuliloulizwa tulipokuwa Nakuru.

Nakuru si mji mgeni kwa watu wa pwani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika huko mwaka 1900, na kwa njia hiyo Waislamu wengi walipanda bara kutafuta riziki. Leo vijana wetu huifuata njia ile ile kwenda kutafuta elimu. Hapo Njoro, karibu na Nakuru, kipo Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kikiwa skuli ya ukulima, kikawa chuo cha ukulima mwaka 1950, na chuo kikuu mwaka 1987. Na katika bonde hilo vimo vyuo vingine vya diploma.

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, tulipokuwa na ndugu wa darsa mtaani Bondeni, kijana mmoja wa kwetu pwani alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akatwambia: "Sheikh wangu, nina neno, na naona haya kulisema." Tukamwambia: "Sema, mwanangu."

Akatweleza kuwa katika mtihani wa kidato cha nne hesabu ilimwangusha, asiifikie daraja ya C+ itakiwayo kwa mwenye kuingia shahada. Akaanza na diploma, kwa nia ya kupanda chuo kikuu atakapomaliza. Lakini katika diploma hiyo pia lipo somo la hesabu ambalo hapana budi kulipita, naye amelianguka mara mbili. Baba yake amempigia simu kumwambia arudi nyumbani asimame dukani, kwani hesabu hakuandikiwa. Kisha akatuuliza: "Je, si heri niache? Elimu hii si ya dini, wala mimi sina kichwa chake."

Ndugu msomaji, maneno hayo mawili twayasikia kila siku katika baraza zetu: kwamba hesabu si elimu ya dini, na kwamba fulani hana kichwa cha hesabu. Twataka kuyajibu yote mawili, kwani la kwanza ni ujinga wa dini, na la pili ni ujinga wa elimu yenyewe.

Kijana yule hatukumjibu kwa mawaidha. Tulimwuliza: "Mtu amekufa, ameacha mke, mama na mwana mmoja mwanamume. Kila mmoja ana fungu gani?" Akajibu mara moja, kama alivyohifadhi madrasani: mke thumni, mama sudusi, na kilichobaki ni cha mwana. Tukamwambia: "Mali ni shilingi 4,800,000. Gawa." Hapo akanyamaza.

Tukachukua karatasi. Tukamwonyesha kuwa thumni na sudusi haziwezi kujumlishwa mpaka zitafutiwe idadi moja inayogawika kwa 8 na kwa 6, nayo ni 24. Idadi hiyo mafakihi wameiita asili ya masala. Thumni ya 24 ni 3, sudusi yake ni 4, yakabaki mafungu 17. Kila fungu ni shilingi 200,000. Basi mke ana 600,000, mama ana 800,000, na mwana ana 3,400,000. Kijana akatazama, akasema: "Sheikh, hii ndiyo hesabu ya sehemu niliyoikimbia tangu darasa la sita."

Naam, ndiyo hiyo hiyo. Nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi ni mafungu sita yaliyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Na neno thumni sisi watu wa pwani twalijua hata katika sarafu, tunapoita senti hamsini sumuni, ijapokuwa wachache wetu hukumbuka kuwa maana yake ni sehemu moja katika nane. Basi vipi atasema Mwislamu kuwa hesabu ya sehemu si katika dini yake?

Na hapa yatupasa tukiri aibu yetu wenyewe, ili asidhani msomaji kuwa twamcheka kijana. Zamani, tulipokuwa tumetoka chuoni karibuni, tuliitwa kugawa urithi wa mtu aliyeacha mke, binti wawili, baba na mama. Mafungu tuliyajua kwa moyo: mke thumni, binti thuluthi mbili, baba sudusi, na mama sudusi. Tulipoyajumlisha, mali haikutosha. Tukafuta, tukaandika tena, na watu wanatutazama. Aliyetutoa ni karani wa duka, mtu aliyekomea darasa la nane, aliyetwonyesha kuwa mafungu yamekuwa 27 na asili ni 24.

Masala hayo ni mashuhuri, nasi tulikwisha kuyasoma kwa jina lake, Al-Minbariyya. Yapokewa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa naye yuko juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imekuwa tusui, yaani moja katika tisa, kisha akaendelea na hotuba yake. Maana, mafungu yakizidi asili, hugawa mali kwa idadi iliyozidi, na kila mtu hupungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Nayo ndiyo auli. Mali ikiwa 2,700,000, mke ana 300,000, binti wana 1,600,000, baba 400,000 na mama 400,000. Sisi jina la masala tulilihifadhi, na hesabu yake hatukuijua. Basi mjane na mayatima wangalidhulumiwa kwa mkono wetu, na kilemba tumekivaa.

Wala wanavyuoni wa kale hawakuwa hivi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika Baghdad, zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala tangu 813 hata 833, kitabu cha al-jabr, na kwa jina hilo ulimwengu wote ukapata neno aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mambo ya wasia na mirathi. Kile kisichojulikana alikiita "shay", yaani kitu. Nacho ndicho wanachokiandika watoto wetu kwa herufi, kisha wakakiogopa kama jini. Mfano wake: mtu ana wana watatu, akausia mtu baki apewe mfano wa fungu la mwana mmoja, na mali ni 2,400,000. Kila fungu ni "kitu". Vitu vinne ni 2,400,000, basi kitu kimoja ni 600,000, wala hakikupita thuluthi. Hiyo ndiyo aljebra.

Na Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya ameitia hesabu pamoja na utabibu katika fardhi za kifaya: mji usiokuwa na wajuzi wake, watu wake wote wana lawama. Tena katika al-Munqidh ametahadharisha juu ya mtu anayedhani anaunusuru Uislamu kwa kuzikataa elimu za hesabu; amemwona kuwa ni rafiki mjinga anayeidhuru dini.

Ama neno la pili, kuwa fulani hana kichwa. Hesabu ni kama ngazi. Aliyekosa daraja ya tatu hawezi kuikanyaga ya nne, hata awe na nguvu za simba. Kijana wetu hakushindwa na somo la diploma. Alishindwa na somo la darasa la sita, kisha akaona haya kulirudia, na haya hiyo ikakua pamoja naye. Mwenye kuswali akikumbuka kuwa hana udhu hujitoa akatawadhe, wala hasemi kuwa hana kichwa cha swala.

Na kurudi nyuma si kuangamia. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipata daraja ya tatu tu katika mtihani wa Cambridge, isimtoshe kuingia Makerere. Akafanya kazi katika chuo cha Waislamu Mombasa, kisha mwaka 1955 akaenda Huddersfield, Uingereza, kumalizia masomo yaliyompungukia. Mwaka 1960 akapata shahada Manchester, mwaka 1966 udaktari Oxford, na Makerere hiyo hiyo ikamjua kwa uprofesa. Lau wazee wake wangalisema hakuandikiwa, angalikufa karani.

Wala njia ya kuikimbia hesabu haipo tena. Tangu mtihani wa mwaka 2023, hesabu na lugha moja ndizo ambazo hapana budi kuhesabiwa katika daraja ya mwanafunzi. Na katika sekondari ya juu iliyoanza Januari 2026, hesabu imo katika kila njia, kwa wengine kamili na kwa wengine nyepesi.

Basi nasaha yetu ni hii. Kwanza, kijana arudi mahali alipokatikia, hata pakiwa ni darasa la mtoto, asione haya. Pili, afanye kila siku kidogo kwa mkono wake, kwani hesabu haihifadhiwi kwa kutazama. Tatu, mzazi asimwambie mwanawe kuwa hakuandikiwa; yaliyoandikwa ayajua Mungu, na letu ni kujitahidi. Nne, walimu wa madrasa wafundishe faraidhi kwa chaki na ubao, wala si kwa kuimba mafungu.

Kijana yule amekubali kukaa. Kila Jumamosi hukaa na mwenziwe wa darsa, mmoja akimsomesha mwenziwe sehemu kwa masala ya mirathi. Mtihani wake wa tatu ungali mbele, nasi twamwombea.

Masala ya darsa ijayo: Mwanamke amekufa, ameacha mume, mama na ndugu wawili wa kike wa baba na mama mmoja. Mali ni shilingi 1,600,000. Tafuta asili, utazame kama pana auli, kisha umpe kila mtu haki yake. Njoo na karatasi yako, hata kama umekosea.

Wabillahi ttaufiq.