Msongamano Kituo cha Syokimau: Upi ni wa Reli, Upi ni wa Kaunti?

Kituo cha reli cha Syokimau kilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, ili wakazi wa upande huu wa Mavoko wafike jijini Nairobi bila kukwama kwenye Barabara ya Mombasa. Tangu 2017 stesheni kuu ya SGR imekuwa jirani yake, na baadhi ya abiria wanaotoka Mombasa huendelea hadi katikati ya jiji kwa treni za abiria wa kila siku.

Lalamiko la kawaida ni kwamba watu ni wengi. Lakini wingi wa watu peke yake si msongamano. Msongamano huanza pale watu wanapofika kwa kasi kuliko njia inavyoweza kuwapitisha.

Tupige hesabu ya mfano. Abiria 600 wanafika langoni kwa dakika 15, yaani 40 kila dakika. Lango lina uwezo wa kupitisha 25 kwa dakika. Baada ya dakika 15, abiria 375 wameingia na 225 bado wako nje. Watahitaji dakika 9 zaidi. Treni ikiondoka kwa wakati, hao 225 wameachwa, hata kama ndani kuna viti. Sasa fungua lango la pili la kasi ile ile: uwezo unakuwa 50 kwa dakika na foleni haitokei kabisa. Watu ni wale wale 600.

Ndani ya treni mambo ni mengine. Nafasi hutegemea idadi ya mabehewa na idadi ya safari kwa saa. Kwenye reli ya njia moja, treni zinazoelekeana lazima zipate mahali pa kupishana, hivyo kuongeza safari si suala la kununua treni tu. Kuongeza mabehewa nako kunahitaji jukwaa refu la kupandia. Hayo yote, pamoja na ratiba na tiketi, yako chini ya Shirika la Reli la Kenya, kwa kuwa Katiba imeiachia serikali ya kitaifa masuala ya reli.

Nje ya lango ni kwetu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Njia ya miguu ikijaa matope mvua za Aprili zikinyesha, kila mtu hupanda kwenye lami na kutembea kwa mstari mmoja kati ya magari. Bodaboda nao hulaumiwa kwa kuziba lango, ingawa wao husimama palipo na wateja. Pasipo na steji iliyotengwa, mdomo wa lango ndio steji.

Jioni ni ngumu kuliko asubuhi, na wengi hawalioni hili. Asubuhi abiria hufika kidogo kidogo. Jioni treni huwamwaga wote kwa mara moja, wakaelekea ngazi na lango moja kwa dakika chache, nje giza likiwa limeingia. Hapo ndipo mzee, mama mwenye mtoto au mtu anayetumia mkongojo anaweza kusukumwa akaanguka.

Wakazi wanaotaka jambo hili lishughulikiwe walete hesabu. Watu wawili wasimame nje ya kituo Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Waanze dakika 30 kabla ya treni ya asubuhi kuondoka, na jioni wahesabu kwa dakika 15 baada ya treni kufika. Kila dakika 5 waandike wamepita wangapi, na wangapi wametumia miguu, bodaboda, matatu au gari la kibinafsi. Waandike pia njia inazibwa wapi, na na nini.

Hesabu hiyo ipelekwe kwa msimamizi wa wadi na nakala kwa mwakilishi wadi. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Anayetaka taa au njia ya miguu iingie katika mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 awe ameshawasilisha karatasi zake kufikia Januari.